Barua ya wazi: Mafuta ya bangi, seli shina, na uongo niliousema hospitalini

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

YAH: KUOMBA MGONJWA ARUHUSIWE KUSEMA UKWELI KUHUSU BANGI, NA BANGI INAYOKAMATWA IPIMWE KABLA YA KUTEKETEZWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, na ni baba wa kijana wa miaka 15 mwenye sikoseli. Kwa ualimu wangu najua seli shina ni nini: zile seli mama ambazo seli nyingine za mwili hutokana nazo. Kwa ubaba wangu nilinunua chupa ya mafuta ya bangi kwa shilingi 85,000, nikampa mwanangu siku 12 mfululizo. Jina langu sitaliandika. Sababu mnayo ninyi kwenye vitabu vya sheria.

Nianze na usiku, maana kwa mgonjwa wa sikoseli mambo mengi huanzia usiku. Maumivu yakimshika mwanangu hulala chali, miguu ameiegemeza ukutani. Hataki feni, hataki taa. Mama yake hujaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, huifunga kwa kanga na kumkanda mapajani, na chupa ikipoa anajaza nyingine. Haidroksiyurea anatumia tangu ana miaka 9, asidi ya foliki kila siku, na sina neno baya juu ya dawa hizo, zimemvusha pakubwa. Lakini mwaka jana alilazwa mara tatu ndani ya muhula mmoja. Mzazi akifika hapo husikiliza kila mwenye mdomo.

Niliyemsikiliza mimi alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye viti vya plastiki: wenye kisukari, wenye kiharusi, mama mmoja aliyefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya mionzi. Kijana alikuwa na projekta. Alituonyesha picha za seli zikigawanyika, akazitaja kwa Kiingereza ili zipendeze, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Bangi inaamsha seli shina. Seli shina zikiamka, mwili unajitengeneza upya wenyewe." Watu wakaguna kwa matumaini. Mimi, mwalimu wa baiolojia, nikaguna pamoja nao.

Chupa ni ya kahawia, mililita 30, ina kifuniko cha kudondoshea kama cha dawa ya masikio. Lebo ina picha ya jani na ngazi ya DNA iliyojipinda. Namba ya usajili haina, tarehe ya kuisha haina, wala kiwanda hakijatajwa. Imeandikwa "CBD", jina la kemikali ya bangi isiyolewesha. Nimeona nyingine zimeandikwa "mafuta ya katani", na nadhani mzee wa Kilosa aliyekata mkonge maisha yake yote angependa kujua katani ilianza lini kuwa dawa ya kudondosha chini ya ulimi.

Siku ya tatu kijana alilala hadi asubuhi. Nakiri, tulifurahi, na mke wangu alimpigia dada yake simu kumweleza. Siku ya nane nikaona anajibu swali baada ya kurudiwa mara mbili. Akawa anadai maji kila wakati, mdomo umemkauka, na nikimshika kifundo cha mkono mapigo yanakwenda mbio. Niliyajua yale. Mdomo mkavu na moyo kwenda mbio kwa pamoja ni dalili za THC, kemikali ya bangi inayolewesha; CBD haijulikani kwa kuuendesha moyo mbio. Nikajiambia nitampunguzia matone. Siku ya 12 akapata homa na maumivu ya kifua, tukakimbilia hospitali.

Hospitali siitaji, maana haina kosa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa dada mpole, ameshika kalamu. "Baba, kuna dawa nyingine anatumia nyumbani? Za hospitali, za kienyeji, mitishamba?" Nikamwangalia. Nyuma yake, hatua tatu hivi, alisimama askari aliyeleta majeruhi wa bodaboda. Nikasema: "Hakuna, dada."

Daktari akamkuta mgonjwa mwenye maumivu makali ambaye wakati huohuo ana usingizi usioelezeka. Daktari makini hampi mofini mtoto anayesinzia bila kujua anasinzia kwa nini. Akaagiza kipimo cha malaria, akaagiza sukari, akampima macho kwa tochi, akauliza kama alianguka kichwa. Kila jibu likawa sawa, na kila jibu lilichukua muda. Saa nne zikapita mwanangu akiuma shuka. Saa nne hizo ni zangu, sina wa kumsingizia. Neno moja tu kwa dada yule lingezifupisha.

Waheshimiwa, ombi langu kuu limetoka hapo. Ila kabla ya kuliweka mezani naomba mnivumilie kidogo kwenye somo lenyewe, maana soko hili linaishi kwa sababu limechanganya kweli na uongo, na mkipambana na uongo peke yake hamtalimaliza.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba seli shina ni kama unga uliokandwa. Donge lilelile utalisukuma chapati, utalikata maandazi, utalifunga sambusa. Likishakaangwa halirudi tena kuwa donge. Mwilini donge hilo linakaa sehemu mbalimbali, na kubwa kuliko yote liko kwenye uloto, ndani ya mifupa, ambako damu inatengenezwa. Uloto wa mtu mzima mwenye afya hutoa chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, na kila chembe huishi siku 120 hivi. Chembe za mgonjwa wa sikoseli huishi kati ya siku 10 na 20. Maana yake uloto wa mwanangu unafanya kazi kama jiko la hoteli siku ya harusi, usiku na mchana, kujaza pengo lisilojaa. Asidi ya foliki anayopewa kliniki ni kwa ajili hiyohiyo, jiko lisiishiwe unga. Sasa yule kijana wa koti jeupe anataka kuziamsha seli shina. Nani alimwambia zimelala? Hilo swali lilikuwa mdomoni mwangu siku ile ukumbini na sikulitoa.

Kweli iko hapa. Mwaka 1964 wanasayansi wawili nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga THC na kueleza umbo lake. Miaka iliyofuata ikagunduliwa kwamba mwili una vipokezi vyake, kama vitasa vya mlango vinavyosubiri ufunguo: CB1, kingi kwenye ubongo, na CB2, kingi kwenye seli za kinga, na kwenye mifupa kipo pia. Mwaka 1992 maabara ya Mechoulam ikapata ufunguo ambao mwili hujitengenezea wenyewe, wakauita anandamide, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Bangi basi haikuleta vitasa mwilini. Ilivikuta, nayo inatokea kuwa na ufunguo unaoingia.

Na seli shina zina vitasa hivyo. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila CB2 hupoteza mifupa kadiri wanavyozeeka. Mwaka 2015 ikaonekana panya waliovunjika paja na kupewa CBD mfupa wao uliunga imara zaidi kuliko wa wenzao. THC peke yake haikuleta faida hiyo. Kwenye vyombo vya maabara, CBD imezifanya seli shina za uloto zisogee na kuelekea kuwa seli za mfupa. Huu ni utafiti halali, umefanywa na watu makini, na yeyote anayesimama kwenye semina ya kupinga dawa za kulevya na kusema bangi haina lolote anawapa wauzaji ushindi wa bure, kwa sababu msikilizaji atachukua simu, atatafuta, atakuta.

Nina mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuta. Alinyoosha mkono katikati ya somo la mfumo wa fahamu: "Mwalimu, bangi si inaongeza seli za ubongo?" Darasa likacheka, lakini hakuwa anatania. Alikuwa ameona video. Video ilitokana na utafiti wa mwaka 2005 kutoka Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, ambako panya waliodungwa dawa walionekana kuotesha seli mpya kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Nikamwambia ukweli: ni kweli, wameona. Ila dawa ile iliitwa HU210, imetengenezwa maabara, ina nguvu karibu mara 100 ya THC, na haipo ndani ya jani lolote. Walidungwa panya waliokwisha kukomaa, kwa siku zilizohesabiwa. Wewe una miaka 17 na ubongo wako bado unajengwa, utajengwa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na vitasa vya CB1 ndivyo mafundi wanavyovitumia kupanga nyaya. Mtu akiingia na rundo la funguo wakati nyaya zinapangwa atawachanganya mafundi. Akanyamaza. Sijui kama nilimshinda, lakini hakurudi tena na swali lile.

Nusu ya pili ya habari, ile ambayo kijana wa koti jeupe hakuifungua, ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kwanza, kipimo. Katika maabara kemikali hizi zina tabia ya kugeuka. Kwa kiasi kidogo seli shina inaweza kukua au kusogea. Ukiongeza, seli ileile inakufa. Si ajabu, hata chumvi iko hivyo. Lakini mwenye chupa isiyoandikwa miligramu anadondosha nini? Matone matano ya kitu gani?

Pili, na hapa naomba Mganga Mkuu anisome taratibu, "kuamsha" kwenyewe. Hospitalini ipo dawa iitwayo G-CSF. Wachangiaji wa uloto hupewa ili seli shina zao zitoke mifupani, ziingie kwenye mkondo wa damu, zikusanywe. Kwa mtu mwenye afya ni dawa ya kawaida. Kwa mgonjwa wa sikoseli imewahi kuleta maumivu makali ya ghafla na hata vifo, na madaktari wa damu duniani huiepuka kwa wagonjwa hawa. Ndiyo maana tiba ya kuhariri jeni ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, hutumia dawa nyingine, pleriksafo, kuzitoa seli shina za mgonjwa. Sasa, kwa panya, kugusa kitasa cha CB2 kumeonekana kuzisukuma seli shina za damu zitoke kwenye uloto na kuingia kwenye mzunguko. Kuamsha, kama alivyosema. Neno lilelile lililonifanya nifungue pochi ndilo ambalo daktari wa damu akilisikia kuhusu mtoto wa sikoseli husimama wima. Mwanangu ana uloto unaokesha tayari; aliyeniuzia "kuamsha" aliniuzia kitu ambacho kama kingefanya kazi kama lebo inavyodai, hilo lenyewe lingekuwa sababu ya kukitupa.

Kuhusu maumivu nitakuwa mfupi. Mwaka 2020 yalichapishwa majaribio ya San Francisco, Marekani, ambapo wagonjwa 23 wa sikoseli walivuta mvuke wa bangi hospitalini na kwa nyakati nyingine mvuke usio na kitu, bila kujua wapi ni wapi. Tofauti ya maumivu haikutosha kuthibitisha kwamba bangi ndiyo iliyosaidia. Siku ya tatu mwanangu alilala vizuri, ndiyo. Na chai ya tangawizi siku nyingine humlaza vizuri.

Tatu, upandikizaji. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Mzazi wa mtoto wa sikoseli anaposikia habari ile redioni huacha anachofanya. Mimi nilikuwa napaka chokaa bandani, nilikaa chini. Tuna kijana mmoja tu mwingine nyumbani, dada yake, na siku moja tutapima kama anafanana naye vya kutosha kumchangia. Kwa hiyo nilisoma kila nilichokipata kuhusu bangi na uloto uliopandikizwa, na nilichokuta kina pande mbili ambazo hazikai kwenye lebo.

Upande mmoja una matumaini. Mwaka 2015 madaktari wa Israeli walichapisha kazi yao na wagonjwa 48 waliopandikizwa uloto wa mtu mwingine. Waliwapa CBD safi, miligramu 300 kwa siku, kuanzia siku 7 kabla ya kupandikiza hadi siku ya 30 baada yake, wakitaka kuzuia ile hali ambapo uloto mgeni unaugeukia mwili wa mwenyeji na kuushambulia. Katika siku za kutumia CBD hakuna aliyepatwa na shambulio la awali. Halikuwa jaribio la kupiga kura nani apewe na nani asipewe, kwa hiyo haliwezi kubeba uzito wote, lakini ni jambo la kutazamwa.

Upande wa pili ni huu. CBD huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, ikiwemo takrolimasi, dawa anayopewa aliyepandikizwa ili mwili usikatae. Vimeng'enya vikizuiwa, takrolimasi hupanda damuni hadi kuwa sumu kwa figo. Mtoto anatoka Dodoma na figo nzima, anafika nyumbani, shangazi mwenye huruma anamdondoshea matone matano. Na kuna ukungu. Tangu mwaka 1988 kuna taarifa ya kitabibu ya mgonjwa aliyepandikizwa uloto, akavuta bangi yenye ukungu wa aspajilasi, ukaingia mapafuni, akafa. Bangi yetu inaanikwa wapi? Kwenye mapango ya mlimani, chini ya magodoro, ndani ya magunia ya mahindi. Mtu mwenye kinga kamili anaivuta na kukohoa. Asiye na kinga haanzi kwa kukohoa.

Sasa maombi.

La kwanza ndilo kubwa. Tunaomba waraka, hata wa ukurasa mmoja, utakaosema kwamba mgonjwa au mzazi akimweleza mhudumu wa afya kuhusu bangi, maneno hayo yanabaki kwenye faili la matibabu na hayawezi kwenda polisi. Kisha swali liulizwe waziwazi kliniki za sikoseli, za saratani na za wajawazito: "Kuna bangi au mafuta yake, mama?" Liulizwe kwa sauti ileile ya kuuliza kama mtoto amekula. Wajawazito nawataja makusudi, maana THC huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto wakati kila kiungo chake bado ni donge la unga, na nimeshamsikia mama akishauriwa na jirani kwamba inakata kichefuchefu. Afadhali udongo wa pemba, ingawa nao daktari ataugombeza.

Najua Kamishna atasema sheria haina mlango huo. Lakini ninyi wenyewe mlishaufungua. Mwaka 2011 huduma ya methadoni, dawa ya kunywa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ilianza Muhimbili, na leo mtu aliyekuwa akijidunga heroini anaingia kliniki asubuhi, anasema ametumia nini, anapewa kikombe chake mbele ya muuguzi na anarudi nyumbani. Hakuna anayemvizia getini. Wageni kutoka nchi nyingine za Afrika wamekuja kujifunza kwetu. Kama mtumiaji wa heroini anaweza kusema kweli mbele ya serikali na kutibiwa, mzazi wa mtoto wa sikoseli anashindwaje?

La pili. Kila mara tunaona kwenye taarifa ya habari magunia yakiteketezwa, Arumeru, Tarime, na milimani kwetu huku. Moto ni sawa, sina ugomvi nao. Ila kabla ya kiberiti, chukueni sampuli. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali tayari inapima ili kuithibitishia mahakama kwamba jani ni bangi. Naomba vipimo viongezwe: THC kiasi gani, CBD kiasi gani, ukungu upo au haupo, viuatilifu gani vimepuliziwa. Na mafuta ya chupa yanayokamatwa madukani yapimwe vivyo hivyo. Kisha matokeo yabandikwe hadharani, kwa Kiswahili, jedwali moja kila baada ya miezi mitatu. Nawahakikishia jedwali linaloonyesha kwamba chupa iliyoandikwa CBD imejaa THC na mafuta ya alizeti litawafungia biashara watu wengi kuliko mahubiri ya mwaka mzima. Hii pia ingemsaidia daktari wa zamu, angalau ajue mtaani kwake kinachozunguka ni nini.

La tatu, kwa haraka: tuna watafiti wa sikoseli Muhimbili ambao wamefuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004, tuna Taasisi ya Tiba Asili chuoni palepale, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 wenyewe unaacha nafasi kwa matumizi ya tiba na sayansi. Mtafiti akiomba kibali cha kuchunguza kemikali hizi kwenye seli za wagonjwa wetu, ajibiwe ndani ya muda unaojulikana. Jibu likiwa hapana, liwe na sababu.

Sitaki nieleweke vibaya na wale wanaopita mitandaoni wakidai bangi ihalalishwe kwa sababu Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, Malawi ikafuata 2020 na Rwanda 2021. Leseni zile kwa sehemu kubwa ni za kulima na kuuza nje. Jani linapanda ndege, mgonjwa wa Maseru anabaki pale alipokuwa. Sina hamu ya shamba. Nataka tu yule dada mwenye kalamu apate jibu la kweli.

Mwanangu anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Amerudi shule na amekuwa mrefu kunipita begani. Wiki iliyopita aliniuliza kama nilimwambia daktari. Nikamwambia sikumwambia. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie hata sasa, baba, wasije wakamfanyia mwingine vilevile." Ndipo nikaanza kuandika.

Chupa ninayo bado. Imebaki kama robo, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Kuimwaga nimeogopa, maana ndiyo ushahidi pekee wa nilichompa mtoto wangu, na kuibeba kuvuka barabara nimeogopa zaidi. Mkishatangaza mahali ambapo raia anaweza kuipeleka ipimwe bila kuandikwa jina, nitaileta mwenyewe, na risiti yake ninayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mwalimu,
Morogoro.